Mwenye gari akilalamika, kiwanda kinasikia? Somo kwa wanunuzi wa magari wa Masama

Kila Desemba barabara inayopanda kutoka Kwa Sadala kwenda Masama hujaa magari madogo. Wana na mabinti wanarudi nyumbani kula sikukuu, na wengi wanakuja na gari walilonunua mwaka huo. Majirani wanalizunguka, wanafungua boneti, wanauliza bei. Halafu mzee mmoja anauliza swali ambalo muuzaji wa gari hapendi kulisikia: "Hili toleo si ndilo lile lililokuwa linamsumbua mwenzako? Au siku hizi wamelirekebisha?"

Swali hilo ni la maana, kwa sababu familia ya huku hununua gari kwa fedha za kahawa, ndizi, maziwa, mkopo wa SACCOS au kiinua mgongo. Likiharibika gia boksi mwezi wa tatu, ada ya shule ndiyo inayotoka. Likigoma breki kwenye mteremko wa kushukia Bomang'ombe, kinachotoka ni uhai.

Leo tunalichambua swali hilo. Je, watengenezaji wa magari wanapopokea malalamiko ya wenye magari, kweli wanaboresha? Na kama wanaboresha, mnunuzi wa Masama anafaidika vipi?

Jibu kwa kifupi ni ndiyo, wanaboresha. Lakini wanasikia zaidi pale lalamiko linapowagharimu fedha, na mara nyingi matengenezo hayo huingia kwenye gari linalofuata, si kwenye lile lililokwisha kuuzwa. Kuna jambo la tatu pia, nalo linatugusa sisi: lalamiko la mwenye gari lililotumika kutoka Japani kwa kawaida halifiki kiwandani kabisa.

Lalamiko husafiri vipi?

Mtu anayenunua gari jipya kutoka kwa wakala hupewa dhamana ya miaka kadhaa. Kitu kikiharibika ndani ya muda huo, analirudisha kwa wakala, linatengenezwa bure, na wakala anaidai kampuni gharama zake. Hapo lalamiko limegeuka kuwa hati ya madai. Madai ya aina moja yakifika mengi makao makuu, wahandisi wanaitwa kujieleza, maana kila hati ni fedha inayotoka.

Njia ya pili ni serikali. Marekani ina taasisi ya usalama barabarani, NHTSA, inayopokea malalamiko ya wananchi na yenye nguvu ya kulazimisha kampuni kuyaita magari yake yarudi kutengenezwa bure. Japani kazi hiyo inafanywa na wizara inayosimamia uchukuzi.

Njia ya tatu ni sifa. Kampuni ya J.D. Power ya Marekani huwauliza wenye magari mapya matatizo waliyoyapata katika siku 90 za kwanza, kisha inapanga orodha kwa kuhesabu matatizo kwa kila magari 100. Kampuni ikishika mkia, wateja wanasoma na wanahamia kwa mshindani.

Sasa tujiulize, msikilizaji: gari lililotumika Japani miaka 10 au 15 likafika Masama liko kwenye njia ipi kati ya hizo? Dhamana yake ilishakwisha. Wizara ya Japani haimfahamu mmiliki wake mpya. Wapiga hesabu wa J.D. Power hawafiki Masama. Lalamiko letu linaishia kwa fundi chini ya mti, na fundi hana simu ya mhandisi wa Toyota.

Hyundai: kampuni moja, masomo mawili

Mfano unaoeleza vizuri jambo hili ni wa Hyundai ya Korea Kusini. Mwaka 1986 iliingia Marekani na gari dogo liitwalo Excel, lililouzwa chini ya dola 5,000. Watu walilikimbilia kwa bei. Muda si mrefu malalamiko yakajaa, na wachekeshaji wa televisheni wakaligeuza jina Hyundai kuwa utani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ilitangaza dhamana ya injini na gia boksi ya miaka 10 au maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000. Wengi walidhani ni mbinu ya matangazo tu. Lakini tazama ilivyofanya kazi: kuanzia siku hiyo kila injini iliyokufa mapema ilikuwa hasara ya kampuni yenyewe, si ya mteja. Wahandisi hawakuwa na pa kujificha. Mwaka 2004 katika orodha ya J.D. Power, Hyundai ilipanda hadi kulingana na Honda, na gari lake liitwalo Sonata likaongoza katika kundi lake.

Tungeishia hapo, hadithi ingekuwa tamu. Lakini kuanzia mwaka 2015 Hyundai ililazimika kuziita Sonata za miaka iliyofuata, kwa sababu injini zake zingeweza kukwama ghafla gari likiwa mwendoni. Mwaka 2020 serikali ya Marekani ilizibana Hyundai na Kia kwa adhabu ya jumla ya dola milioni 210, kwa kuchelewa kuyaita magari na kutoa taarifa zisizo sahihi. Aliyefichua ni mhandisi wa ndani, Kim Gwang-ho, ambaye mwaka 2021 alipewa zawadi ya zaidi ya dola milioni 24 na serikali ya Marekani.

Ni kampuni ileile na gari lenye jina lilelile. Ilipobanwa iliboresha, na ubano ulipolegea ikateleza. Kwa hiyo ubora wa gari si tabia ya kudumu ya kampuni. Unategemea nani anaishika kampuni shingoni wakati huo.

Waliofunika kombe

Hyundai si peke yake. Mwaka 2000 iligundulika kwamba Mitsubishi ya Japani ilikuwa imeyaficha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20, ikitengeneza magari kimyakimya badala ya kuitangazia wizara.

Kampuni ya General Motors ya Marekani iliuza magari madogo, yakiwamo ya aina ya Chevrolet Cobalt, ambayo swichi yake ya funguo ilikuwa legevu. Ufunguo ukiguswa na goti au ukivutwa na uzito wa funguo nyingine, injini ilizimika gari likiwa kwenye mwendo. Usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa ya kumlinda dereva haifunguki. Jambo baya zaidi ni kwamba swichi hiyo ilibadilishwa kiwandani kimya kimya bila kubadilisha namba ya kifaa. Magari mapya yakapona, ya zamani yakaachwa barabarani. Yaliitwa mwaka 2014 tu, takriban milioni 2.6, na vifo 124 vilihusishwa na kasoro hiyo. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900.

Hata Toyota, tunayoiamini kuliko zote, ilipita humo. Kati ya mwaka 2009 na 2010 iliyaita mamilioni ya magari kwa sababu ya mazulia yaliyokuwa yakinasa pedeli ya mafuta na pedeli zilizokuwa zikigoma kurudi. Februari 2010 rais wa kampuni, Akio Toyoda, alisimama mbele ya Bunge la Marekani akaomba radhi. Alikiri kwamba kampuni ilikua kwa kasi kuliko uwezo wake wa kusimamia ubora. Mwaka 2014 ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja kuhusu kasoro hizo.

D-4: mfano tunaoujua wenyewe

Tuache Marekani, turudi kwenye gereji zetu. Fundi yeyote wa Moshi ukimtajia "D-4" utaona anakuna kichwa. Hiyo ni aina ya injini ya petroli ambayo Toyota iliiweka kwenye baadhi ya magari yaliyoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2001, yakiwamo Premio ya lita 2 na Noah ya umbo lile la pili.

Injini za kawaida za wakati huo zilipuliza petroli kwenye njia ya hewa kabla ya valvu. D-4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Faida yake ni kubana matumizi ya mafuta. Hasara yake ni mbili. Kwanza, pampu na nozeli zake zinataka petroli safi. Mafuta yenye maji au uchafu huziua mapema. Pili, petroli haipiti juu ya valvu kuziosha, hivyo masizi hujikusanya hapo, injini ikaanza kutetemeka na kukosa nguvu.

Mwaka 2007 Toyota ilipoleta toleo jipya la Premio na Noah, injini hiyo haikurudi. Badala yake ilikuja injini ya lita 2 inayopuliza mafuta kwa njia ya kawaida. Kwenye magari mengine kampuni iliunda mfumo ulioboreshwa, D-4S, wenye nozeli za aina mbili: za moja kwa moja na za kawaida. Nozeli za kawaida husaidia kuziosha valvu.

Hatusemi kwamba Toyota ilibadilisha kwa sababu ya kilio cha Kilimanjaro. La hasha. Lakini hapa kuna faida yetu iliyojificha. Sisi tunanunua gari miaka mingi baada ya kutoka kiwandani. Wengine wameshalalamika kwa niaba yetu, na kasoro zake zinajulikana. Anayenunua gari jipya Tokyo anabahatisha. Anayenunua gari hilohilo Moshi miaka 12 baadaye anaweza kuuliza kwanza.

Mifuko ya hewa: kasoro inayoiva na umri

Lakini kuna kasoro moja ambayo kusubiri hakuisaidii, kunaizidisha. Ni ya mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani na kuwekwa kwenye magari ya kampuni nyingi: Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW na nyinginezo.

Mfuko wa hewa hufunguka kwa baruti ndogo iliyo ndani ya kopo la chuma. Takata ilitumia kemikali iitwayo amonia naitreti. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, mchana joto usiku baridi, inaharibika. Siku gari likigonga, badala ya kuujaza mfuko inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia dereva usoni na shingoni. Ajali ndogo ambayo mtu angetoka akijipangusa vumbi inageuka msiba.

Zaidi ya watu 30 wamekufa kwa sababu hiyo duniani, na vifaa vya aina hiyo vilivyotakiwa kuondolewa vinafikia kama milioni 100. Mwaka 2017 Takata ilikiri kosa la udanganyifu mahakamani Marekani, na mwaka huohuo ikafilisika. Australia ililazimisha kwa amri ya serikali mwaka 2018 magari yote yenye mifuko hiyo yatengenezwe. Mwaka huohuo Japani ilianza kuyanyima cheti cha ukaguzi magari ambayo mifuko yake hatari haijabadilishwa.

Sasa fikiri kidogo. Gari lililoondoka Japani kabla ya amri hiyo, au lililosafirishwa nje baada ya cheti chake kwisha, linaweza kuwa limeondoka na mfuko uleule wa zamani. Likakaa miaka Dar es Salaam kwenye joto na unyevunyevu wa pwani. Kisha likauzwa Moshi. Kila mwaka unaopita hatari inaongezeka. Januari 2024 Toyota iliwaambia wenye magari kama 50,000 huko Marekani, yakiwamo Corolla za mwaka 2003 na 2004, waache kabisa kuyaendesha mpaka mfuko ubadilishwe. Corolla za umri huo ziko barabarani kwetu, na zinabeba abiria.

Nani ana sauti Masama?

Tukiyapima magari yetu kwa kipimo cha "nani analalamika akasikika", tunapata picha ya kushangaza. Hardtop la halmashauri au la shirika, lililonunuliwa jipya kwa wakala, lina sauti. Lalamiko lake linapanda hadi kiwandani. Premio, IST au Noah ya mtu binafsi haina sauti.

Lakini kuna mwingine mwenye sauti ambaye pengine hajui: kijana wa bodaboda. Pikipiki yake, iwe Boxer au TVS, mara nyingi ameinunua mpya, ikiwa na karatasi ya dhamana na wakala anayejulikana nchini. Yeye ndiye mteja ambaye kiwanda cha India kinamhesabu. Tatizo ni kwamba wengi hutupa kitabu cha dhamana siku ya kwanza, au wanapeleka pikipiki kwa fundi wa mtaani ndani ya muda wa dhamana, na haki hiyo inapotea. Wakiandika kasoro inayojirudia na kuipeleka kwa wakala wakiwa kikundi, wana nguvu kuliko mwenye gari dogo.

Tuwe wakweli pia upande wetu. Si kila ubovu ni kasoro ya kiwanda. Gari lililoundwa kwa lami ya Japani likipakiwa watu tisa na mkungu wa ndizi juu, likapita makorongo wakati wa masika na kuwekewa oili ya kupima kwenye chupa, likifa hatuwezi kumlaumu mhandisi. Kasoro ya kiwanda hujulikana kwa dalili moja: kitu kilekile kinaharibika, kwenye toleo lilelile, kwa watu tofauti wanaolitunza vizuri.

Ufanye nini kabla ya kutoa fedha?

Kwanza, nunua toleo lililokomaa. Gari jipya likitoka, mwaka wa kwanza ndio wenye kasoro nyingi. Kampuni za Japani kwa kawaida hulifanyia gari marekebisho baada ya miaka miwili au mitatu bila kubadilisha umbo kubwa. Kati ya magari mawili ya umbo moja, lile la miaka ya mwisho mara nyingi ndilo lililonufaika na malalamiko ya wengine. Nyongeza ndogo ya bei inaweza kurudi kwa kuokoa matengenezo.

Pili, omba namba ya chesisi kabla ya kulipa. Kampuni za Japani zina kurasa ambapo unaingiza namba hiyo na kuona kama gari liliitwa na kama lilitengenezwa. Ni za Kijapani, lakini simu yenye programu ya kutafsiri inatosha, au mwombe kijana wa nyumbani akusaidie. Ukiagiza mwenyewe, mtake muuzaji wa Japani aandike kama mfuko wa hewa ulibadilishwa. Akikataa kuandika, hilo nalo ni jibu.

Tatu, itazame taa ya mfuko wa hewa. Ukiwasha swichi, iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna tatizo. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameiondoa balbu ili usijue. Na usimruhusu fundi wa kawaida kufungua usukani "kuangalia tu". Mle ndani kuna baruti.

Nne, uliza mafundi watatu wasiofahamiana, swali moja: "Toleo hili linakuja kwako na ugonjwa gani?" Wakitaja ugonjwa mmoja wote, umepata ripoti ya ubora bila kulipa senti.

Tano, dai risiti na mkataba ulioandikwa hali ya gari, hata kama muuzaji ni ndugu. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ina jukumu la kumlinda mlaji, na Shirika la Viwango, TBS, linasimamia ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Lakini mlalamikaji asiye na karatasi ni kama shahidi asiyekuwepo.

Sita, weka daftari la gari. Andika tarehe, kilomita, kilichoharibika na spea iliyowekwa. Siku ukitaka kuuza, daftari hilo litakuongezea bei. Siku ukitaka kulalamika, litakuwa ushahidi.

Neno la mwisho

Kampuni za magari si malaika, wala si mashetani. Zinasikia kwa sikio la mfukoni. Mnunuzi wa Marekani anasikika kwa sababu ana dhamana mkononi, taasisi inayopokea simu yake na mahakama inayoweza kuitoza kampuni mamilioni. Mnunuzi wa Masama hana hayo kwa gari alilonunua limetumika, na haitabadilika kesho.

Alichonacho ni muda na masikio. Gari linapomfikia, dunia imeshalijaribu na imeshasema. Kasoro zake zimeandikwa, matoleo yake yaliyorekebishwa yanajulikana, na yaliyoitwa yana namba. Anayetafuta taarifa hizo kabla ya kununua anavuna malalamiko ya watu asiowajua. Asiyetafuta anakuja kuyarudia upya, kwa fedha yake mwenyewe, barabarani.

Kwa hiyo Desemba hii, gari jipya likifika uani, mzee asicheke tu na kubariki funguo. Aulize namba ya chesisi.